Kupe wa Marekani, papasi wa kwetu

Je, ugonjwa wa Lyme unaweza kufika kwenye ubongo ukaua? Huko Marekani na Ulaya, ambako huenezwa na kupe wa porini, huweza kupooza misuli ya uso na kuleta homa ya uti wa mgongo, ila kuua ni nadra sana.

Kwetu yupo ndugu yake mkali zaidi: homa ya papasi. Bakteria wao ni wa jamii moja, Borrelia, wembamba kama uzi uliojisokota. Papasi hukaa kwenye nyufa za nyumba za udongo, huuma usiku, kisha hurudi kujificha. Homa hupanda siku kadhaa, hukata, halafu hurudi. Yaweza kugusa ubongo, kuharibu mimba na kuua. Mwaka 1905 daktari Mwingereza, Joseph Dutton, alikufa nayo Kongo akiwa anaichunguza.

Kwa hiyo mwenzangu, ukipangiwa mazoezi ya kufundisha Handeni au Pangani, homa ikaja na kurudi, na kipimo cha haraka kikasema huna malaria, usimeze Panadol ukalala. Kile kinatafuta malaria tu. Omba damu iangaliwe kwa hadubini homa ikiwa juu. Antibayotiki za kuitibu zipo.