SOMO LA AFYA: MAFUTA YA SAMAKI NA MOYO UNAOPIGA OVYO



Wengi wetu hapa Kigali tumesikia kwamba vidonge vya mafuta ya samaki ni dawa ya moyo. Tujifunze ukweli wake.

Moyo mzima hupiga kwa mpango. Kwa baadhi ya wagonjwa, vyumba vya juu vya moyo hutetemeka ovyo. Damu hutuama humo, huganda, na pande lake laweza kupanda ubongoni na kuleta kiharusi.

Sifa ya vidonge hivyo ilikua mwaka 1999. Huko Italia, wagonjwa waliokwisha kupata shambulio la moyo walipewa gramu 1 kila siku, na vifo vikapungua. Lakini uchunguzi mwingine, uliotangazwa mwaka 2018, ulihusu watu 8,179. Kati ya waliopewa gramu 4 za dawa itokanayo na mafuta hayo, 3 katika kila 100 walilazwa kwa mapigo ya ovyo. Kati ya wasiopewa, 2 tu.

Basi tufanyeje? Isambaza wa Ziwa Kivu ni chakula chema, tuwale. Lakini moyo ukienda mbio au kurukaruka, tusikimbilie vidonge. Twende kituo cha afya na Mutuelle yetu, tuombe kupelekwa hospitali ya wilaya tupimwe moyo kwa mashine. Aliyepewa dawa ya kuzuia damu kuganda asiiache, wala asiongeze vidonge hivi kabla ya kumwuliza daktari.

Mshahara wa jasho usinunue maradhi.