Ubongo na Kumbukumbu

Ubongo wa mtu mzima una uzito wa kilo moja na theluthi hivi, nao ndio utunzao yote aliyojifunza. Ndani yake, upande wa kuume na wa kushoto, imo sehemu ndogo iitwayo hipokampasi. Kazi yake ilijulikana zaidi kwa habari za mtu mmoja wa Marekani, Henry Molaison.

Henry alizaliwa mwaka 1926, akasumbuliwa na kifafa tangu utoto, wala dawa hazikumfaa. Basi mwaka 1953 daktari William Scoville alimpasua kichwa, akaondoa sehemu kubwa ya hipokampasi pande zote mbili. Kifafa kilipungua, lakini likatokea jambo lisilotazamiwa: Henry hakuweza tena kuweka jambo jipya moyoni. Mambo ya utoto wake aliyakumbuka, na kusema alisema vema. Bali mtu aliyezungumza naye, akitoka kidogo na kurudi, alikuwa mgeni kwake tena.

Mtaalamu mmoja, Bibi Brenda Milner, alimpima kwa miaka mingi. Alimpa kazi ya kuchora nyota, huku akiutazama mkono wake katika kioo tu. Siku ya kwanza alikosea mara nyingi. Siku ya tatu alichora vizuri, wala hakukumbuka kwamba amepata kuifanya kazi ile. Hivyo ikajulikana ya kuwa ustadi wa mkono una njia yake katika ubongo, na kumbukumbu ya matukio ina njia nyingine. Henry alikufa mwaka 2008.

Wala si kisu tu kiwezacho kuizuia hipokampasi. Pombe nyingi inyweapo kwa haraka huifanya isitende kazi. Mlevi aweza kutembea, kusema, hata kuimba, na kesho yake asikumbuke hata moja. Mambo yale hayakupotea, hayakuandikwa kamwe. Bangi nayo hudhoofisha kumbukumbu. Bali usingizi husaidia, kwa maana mtu alalapo ubongo huyatia nguvu aliyojifunza mchana. Basi mwanafunzi akeshaye usiku kucha kabla ya mtihani hujinyima msaada ule autafutao.

Maswali
1. Kwa nini Henry alipasuliwa?
2. Ni jambo gani aliloweza kujifunza, na lipi hakuweza?
3. Eleza kwa nini mlevi hakumbuki mambo ya jana.