Kanuni Moja, Matawi Mengi: Tengeneza Maumbo ya Asili kwa Mkono

Mvua ikikatika Masumbwe, angalia udongo kandokando ya barabara ya Kahama kwenda Ushirombo. Vijifereji vyembamba vimeungana kuwa mfereji, mifereji imeungana kuwa korongo. Ukipiga picha kijifereji kwa karibu na korongo kwa mbali, ni shida kujua ipi ni ipi. Mninga uliopukutisha majani nao ni hivyo hivyo: tawi moja lina sura ya mti mzima.

Mwanahisabati Benoit Mandelbrot aliyaita maumbo ya namna hii fraktali mwaka 1975. Msingi wake ni kanuni ndogo inayorudiwa katika vipimo vinavyozidi kupungua, na mkono huielewa haraka kuliko maelezo. Zifuatazo ni mbinu mbili unazoweza kufanya nyumbani au darasani.

Mbinu ya kwanza: nyota ya Koch

Andaa karatasi ya manila, penseli, kifutio, rula na bikari.

1. Chora pembetatu yenye pande tatu sawa, kila upande sentimita 27.
2. Gawa kila upande mara tatu, yaani sentimita 9. Juu ya kipande cha kati chora pembetatu ndogo inayotokeza nje, kisha futa kitako chake.
3. Rudia kwenye kila mstari uliopo, sasa kwa vipande vya sentimita 3.
4. Rudia tena kwa sentimita 1.

Kila hatua, hesabu. Pande zinatoka 3 hadi 12, kisha 48, kisha 192. Mzingo nao unakua: sentimita 81, 108, 144, 192. Helge von Koch wa Sweden alieleza mstari huu mwaka 1904; ukirudia bila mwisho, urefu wake hauna kikomo. Hata hivyo eneo la nyota halizidi mara 1.6 ya pembetatu uliyoanza nayo, hata ukirudia milele. Vivyo hivyo, mapafu yenye matawi yanaenea kifuani na bado yanapata uso mpana wa kupokea hewa.

Chora kwa wepesi mpaka hatua ya mwisho, maana utafuta mara nyingi. Kosa la milimita mbili halionekani kwenye upande wa sentimita 27, lakini kwenye wa sentimita 1 linaharibu kila kitu. Pima vizuri tangu mwanzo.

Mbinu ya pili: matawi ya mkaa

Hapa huchori chochote. Hewa ndiyo inayochora. Mwombe fundi wa madirisha vipande viwili vya kioo vya ukubwa wa kiganja, akusugulie kingo kwa msasa. Kwa watoto tumia plastiki bapa, kama kasha la CD.

Pika uji mzito: vijiko viwili vya chakula vya unga wa muhogo kwa kikombe cha maji. Ukipoa, changanya na unga wa mkaa uliotwangwa na kuchekechwa kwa kitambaa. Ukitaka wekundu, tumia udongo wa kichuguu, lakini usichote kwenye marudio, yaani mabaki ya udongo uliokwisha kuchujwa dhahabu, wala karibu na maduara, yaani mashimo ya wachimbaji: marudio huweza kuwa na zebaki.

1. Weka rangi kiasi cha kijiko cha chai katikati ya kioo cha kwanza.
2. Funika kwa cha pili, kandamiza mpaka rangi itandazike kuwa duara jembamba.
3. Inua kioo cha juu wima. Usikitelezeshe pembeni, utaifuta picha.

Rangi itabaki imesimama kama matuta membamba, mengi ukingoni, yakiungana kuelekea katikati. Unapoinua, hewa inaingia kutoka pembeni. Yenyewe ni nyepesi, uji ni mzito, kwa hiyo hewa haiingii kwa pamoja bali inapenya kama vidole. Kidole kilichotangulia kinapata njia rahisi zaidi na kuwaacha wenzake nyuma. P. G. Saffman na G. I. Taylor walieleza fizikia ya vidole hivi mwaka 1958.

Laza karatasi juu ya rangi, ipapase taratibu, kisha ibandue: umepata chapa.

Picha ikijifuta yenyewe, uji ni mwepesi, ongeza unga wa muhogo unapopika. Matawi yakiwa machache na manene, kandamiza zaidi au inua kwa haraka zaidi. Badilisha jambo moja kwa wakati, na uandike nyuma ya kila chapa ulichobadilisha.

Ukiwa na chapa mkononi, utatambua pia alama nyeusi kama vijani ambazo huonekana kwenye nyufa za baadhi ya mawe. Wengi hudhani ni mmea uliogeuka jiwe, kumbe ni madini ya manganizi yaliyopenya na maji yakajijenga tawi kwa tawi. Okota jiwe la namna hiyo ukilipata, liweke kando ya chapa yako, na uhesabu matawi ya kila moja yamegawanyika mara ngapi kabla ya kukoma.