Mume Anapomaliza Bila Kutoa Manii

Jambo la leo ni la chumbani. Ukiona haya kulisoma mbele ya watoto, lisome peke yako, kisha mpe mwenzako naye asome.

Mama mmoja wa upande wa Diani alinijia jioni baada ya mafundisho. "Mwalimu," akasema, "mume wangu ana mwanamke mwingine. Tukikutana anafika mwisho kama kawaida, lakini hakuna kitu kinachotoka. Bila shaka anazimaliza huko." Mumewe naye, nilipoongea naye kando, alikuwa amekwisha kwenda kwa mganga na kuambiwa amefungwa na jirani. Hivyo mke alimshuku mume, na mume akamshuku jirani.

Tuanze na mwili wenyewe. Mbegu za kiume hutengenezwa katika korodani, na huchukua zaidi ya miezi miwili kukomaa. Lakini mbegu ni sehemu ndogo sana ya manii. Sehemu kubwa ya majimaji yale hutoka katika vifuko viwili vilivyo nyuma ya kibofu cha mkojo, na nyingine hutoka katika tezi dume, iliyo chini ya kibofu. Ndiyo maana mwanamume aliyefungwa mirija ya mbegu huendelea kutoa manii karibu kama zamani. Wakati wa mshindo, mlango wa kibofu hujifunga, misuli hubana, na manii husukumwa mbele. Kwa kawaida hayazidi kijiko kimoja cha chai.

Mlango huo usipojifunga, manii hurudi nyuma na kuingia kibofuni. Mume anasikia utamu wote, lakini nje ni pakavu. Akienda haja ndogo baadaye, mkojo unakuwa na ukungu. Manii hayo hayamdhuru, ila ni vigumu mke kupata mimba.

Kisukari cha muda mrefu huleta hali hii kwa kuharibu mishipa ya fahamu. Huletwa pia na operesheni ya tezi dume au kuumia uti wa mgongo. Zipo na dawa, hasa tamsulosini wanayopewa wazee wenye shida ya kukojoa, ambazo hupunguza manii au kuyakausha kabisa. Ukiwa unazitumia usiziache kwa hasira. Mwambie daktari, huenda akakubadilishia. Na mume aliyerudia mara kadhaa usiku mmoja asishangae mara ya mwisho ikiwa kavu. Huyo apumzike tu.

Sisi wa Kwale tuna jambo letu jingine, nalo ni kichocho. Wangapi kati yetu tulioga vidimbwini utotoni, tukakojoa damu, na wazee wakaona ni sehemu ya kukua? Minyoo ya kichocho hukaa katika mishipa ya damu ya sehemu zile, na mayai yake hunasa kwenye kibofu, katika tezi dume na katika vile vifuko viwili. Huacha makovu, manii yakapungua au yakawa na damu. Prazikwanteli huua minyoo, lakini haifuti makovu ya zamani, kwa hiyo mtoto anayekojoa damu asicheleweshwe. Maji ya bahari hayana konokono wa kichocho. Hatari iko katika vidimbwi na mito.

Yule bwana alikubali kwenda hospitali, mkewe akiwa pamoja naye. Walichukua mkojo wa kwanza baada ya tendo la ndoa, wakaupima kwa hadubini, na mbegu zikaonekana humo. Hazikuwa zimekwenda kwa mwanamke yeyote. Walipopima damu, sukari ilikuwa juu sana, naye kwa miaka alidhani kiu na kukojoa usiku vinatokana na joto la jikoni anakofanya kazi.

Mama aliniuliza kama bado watapata mtoto wa tatu. Daktari alikuwa amewaeleza kwamba zipo dawa za kusaidia mlango wa kibofu kufunga, lakini hufaulu kwa baadhi tu, na kwamba kwanza sukari ishuke. Sasa mama huyo ndiye anayempimia ugali.