Homa Mbili Katika Mwili Mmoja: UVIKO-19 na Kidingapopo

Tumchukue mchuuzi wa Igoma, Mwanza, aliyesafiri kwa basi hadi Dar es Salaam kununua nguo za kuuza. Siku ya nne baada ya kurejea anashikwa na homa kali, kichwa kinamgonga na viungo vinamuuma. Mtu huyu ni wa kubuni. Dalili zake si za kubuni. Kwetu huku kando ya Ziwa Viktoria fikra ya kwanza huwa malaria, na ni haki iwe hivyo. Kosa huanza pale ugonjwa mmoja unapogunduliwa na wote wakaacha kutafuta, kana kwamba kuwapo kwa ugonjwa huo kunazuia mwingine kuwapo.

Virusi vya korona huingia kwa njia ya pumzi. Virusi vya kidingapopo, yaani homa ya dengi, huletwa na mbu Aedes aegypti, ambaye huuma mchana. Kwa kuwa njia ni mbili, hakuna kinachozuia mtu mmoja kuambukizwa kwa zote mbili katika juma lile lile. Dar es Salaam ilikumbwa na mlipuko mkubwa wa kidingapopo mwaka 2019, na nchi ikarekodi wagonjwa zaidi ya 6,000. Mgonjwa wa kwanza wa UVIKO-19 nchini alitangazwa Machi 2020. Katika visiwa vya Mayotte na Réunion, ng'ambo ya bahari yetu, milipuko hiyo miwili ilikwenda pamoja mwaka 2020, na wagonjwa wenye maambukizo yote mawili wakapatikana.

Hata vipimo vyaweza kupotosha. Mapema mwaka 2020 huko Singapore, wagonjwa wawili walipimwa kwa kipimo cha haraka wakaonekana wana dengi. Baadaye ikabainika kwamba hawakuwa nayo kabisa: walikuwa na korona. Kipimo kile hakikutafuta virusi vyenyewe, bali kingamwili, yaani silaha ambazo mwili hutengeneza dhidi ya virusi, na silaha za aina mbalimbali huweza kufanana.

Sasa tufike kwenye kiini cha somo, nacho ni damu. Mtu mzima mwenye afya huwa na chembe sahani kati ya 150,000 na 450,000 katika kila milimita ya ujazo ya damu. Chembe hizi ndizo huziba jeraha. Katika kidingapopo idadi hiyo hushuka, pengine chini ya 100,000, na mgonjwa huweza kuvuja damu. UVIKO-19 ikiwa kali hufanya kinyume: damu huganda ndani ya mishipa, na kwa hiyo hospitalini wagonjwa wengi hupewa heparini ili isigande. Mpe dawa hiyo mwenye kidingapopo kali, nawe umeongeza hatari ya kuvuja. Mnyime, na korona yaweza kumziba mishipa ya mapafu. Maji nayo ni vivyo hivyo: kidingapopo huvujisha majimaji kutoka mishipani, hivyo mgonjwa huhitaji kuongezewa; lakini mapafu yaliyoumizwa na korona hayavumilii maji ya ziada. Daktari hana budi kupima damu mara kwa mara na kuamua siku kwa siku. Nyumbani, homa ituliwe kwa parasetamoli kwa kipimo kilichoandikwa, wala si aspirini au ibuprofeni, mpaka kidingapopo ithibitike kwamba haipo. Kadhalika homa ikishuka, watu wasifurahi upesi: katika kidingapopo hatari kubwa aghalabu huja wakati huo, kati ya siku ya tatu na ya saba. Tumbo kuuma sana, kutapika mfululizo au ufizi kutoa damu ni sababu ya kwenda hospitali mara moja.

Kuchanganya homa si jambo jipya. Mwaka 1870 Unguja ilienea homa iliyoitwa kidingapopo. Karne moja baadaye, mwaka 1971, mtaalamu Donald Carey alitoa hoja kwamba dalili zake zilielekea zaidi chikungunya, ugonjwa uliopewa jina la Kimakonde baada ya mlipuko wa Newala wa mwaka 1952.

Kwa zoezi la darasani, wanafunzi wahesabu matairi, mapipa na makopo yenye maji kuzunguka shule, wachote viluwiluwi katika chupa iliyofunikwa kwa chandarua, na waandike kila siku mabadiliko wanayoyaona. Yai la Aedes huweza kuwa mbu kamili kwa siku 7 hadi 10. Basi wakokotoe wenyewe ni kila baada ya siku ngapi pipa limwagwe na kusuguliwa.