Kichujio cha Tangi la Samaki

Mtu wa Mikindani afugaye samaki katika tangi uani mwake, huenda akayaona maji ni maangavu, kumbe samaki wanakufa. Sababu yake mara nyingi ni sumu iitwayo amonia, itokayo katika mavi ya samaki na chakula kilichooza. Sumu hiyo haionekani kwa macho.

Kinga yake ni kichujio, nacho chaweza kutengenezwa nyumbani. Na atwae ndoo ya plastiki ya lita 20, aitoboe matundu madogo chini. Atie kokoto ngumu zilizooshwa, na juu yake sponji ya kuzuia takataka. Ndoo na ikae juu ya mbao mbili imara zilizolazwa juu ya tangi. Pampu ndogo ya umeme ipandishe maji mchana na usiku, nayo yachuruzike kurudi tangini. Pampu ichomolewe kabla ya kutia mkono majini.

Kazi kubwa hufanywa na bakteria, vijidudu wanaoota juu ya kokoto. Hao huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo pia ni sumu, kisha kuwa nitreti, isiyodhuru sana. Kwa kawaida huhitaji majuma 4 hadi 6 kuzaana vya kutosha. Basi yafaa kuanza na samaki wachache.

Sponji ikiziba isioshwe kwa maji ya mfereji, kwani klorini huwaua vijidudu hao. Ioshwe kwa maji yaliyotekwa tangini, kisha maji hayo yamwagiwe mboga. Afuaye kila kitu kwa sabuni hujiulia samaki wake mwenyewe.