Ekseli Moja, Magurudumu Mawili

Mkokoteni wa maji kwenye Barabara ya Naivasha, Kawangware, unatosha kuanzia somo hili. Una magurudumu mawili yaliyoshikwa na chuma kimoja kilichonyooka kutoka upande hadi upande. Chuma hicho ni ekseli. Gurudumu la kushoto likipanda jiwe, ekseli inainama, na gurudumu la kulia linalala upande ingawa halijakanyaga chochote. Mitungi yote iliyo juu inaegemea kulia, na msukumaji anakaza mikono. Kosa la gurudumu moja limelipwa na yote mawili.

Mkokoteni hauna springi, pikapu inazo. Springi ni chuma kinachokubali kubanwa na kurudi. Kazi yake ni kuliacha gurudumu lipande na kushuka bila kuliburuta gari zima. Ikiachwa peke yake ingeendelea kudunda muda mrefu, kwa hiyo huwekewa shokabsoba. Ndani ya shokabsoba mafuta husukumwa kupitia vitundu vidogo, na nguvu ya mdundo hugeuka kuwa joto.

Land Rover za zamani, kwa mfano Series III iliyotengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985, ni mkokoteni uliowekewa springi. Mbele na nyuma zina ekseli nzima iliyofungwa chini ya springi za majani, yaani vipande virefu vya chuma vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Pikapu ya Peugeot 504, ile iliyozoeleka kuitwa Pijo, iliachana na mpango huo upande wa mbele. Nyuma ina ekseli nzima kwa ajili ya mzigo, lakini mbele kila gurudumu lina springi yake na shokabsoba yake, na hakuna ekseli inayoyafunga pamoja. Huo ndio mfumo wa springi huru.

Faida yake inapimika. Tuseme magurudumu ya mbele yameachana kwa sentimita 140, na moja limepanda tuta la sentimita 8. Ekseli nzima itainama kwa nyuzi 3 na kidogo, na kila gurudumu litainama kiasi hichohicho. Nyuzi 3 zinaonekana chache hadi tukumbuke kwamba gurudumu linazunguka. Shika gurudumu la baiskeli kwa ncha mbili za ekseli yake, mwenzako alizungushe kwa kasi, kisha jaribu kulilaza. Litakupinga, na badala ya kulala litageuka kushoto au kulia. Gurudumu la gari hufanya vivyo hivyo: ekseli ikiinama ghafla, magurudumu hutaka kugeuka, na usukani hutetemeka mikononi mwa dereva. Mtetemo huo ni sababu mojawapo iliyozisukuma kampuni za magari kuachana na ekseli nzima mbele. General Motors ilileta springi huru za mbele kwenye magari yake ya mwaka 1934.

Faida ya pili ni uzito. Ekseli nzima ya Land Rover hubeba difu, yaani sanduku la gia linalogawa nguvu kwa magurudumu. Chuma hicho chote kiko chini ya springi, kwa hiyo hupanda na kushuka kwa kila shimo. Kitu kizito kikishaanza kupanda hakikubali kusimama upesi, ndiyo maana gurudumu huruka na kuiacha barabara kwa muda mfupi. Gurudumu lililo hewani halishiki breki wala halikati kona.

Ukisikia hayo, ni rahisi kutamani kuikata ekseli ya pikapu ya zamani na kuchomelea mikono ya gari jingine, yaani vyuma vinavyolishika gurudumu la springi huru. Hapo ndipo uangalifu unapohitajika zaidi, kwa sababu ekseli ilikuwa inafanya kazi isiyoonekana. Iliyaweka magurudumu sambamba. Ilishikilia umbali kati yake usibadilike. Ilizipeleka nguvu za breki na mzigo kwenye springi, na springi zikazipeleka sehemu mbili zilizoachana kwenye chesi, yaani fremu ya gari. Ukiiondoa, kila moja ya kazi hizo lazima ipewe mwenyewe mpya. Nguvu zilizokuwa zimetawanyika sasa hukusanyika pale mikono inaposhikwa, kwa hiyo chesi inahitaji boriti ya kukingama iliyo imara. Bati la kuziba kutu halitoshi.

Kazi ngumu kuliko zote ni ya tairodi, fimbo inayoligeuza gurudumu. Kwenye ekseli nzima, tairodi moja huunganisha magurudumu mawili, maana umbali kati yake haubadiliki. Yakiachwa huru umbali hubadilika, na kila upande unahitaji tairodi yake.

Chora mezani. Mkono wa chini una urefu wa sentimita 30, umelala sawasawa, ncha ya ndani imefungwa. Inua ncha ya nje sentimita 8. Haitapanda wima, itafuata duara na kuingia ndani kwa karibu sentimita 1.1. Sasa fanya hivyo kwa tairodi ya sentimita 60. Duara lake ni pana zaidi, kwa hiyo ncha yake itaingia ndani kwa takriban sentimita 0.5 tu. Tofauti ya zaidi ya nusu sentimita haina pa kwenda ila kulisukuma gurudumu. Ikiwa kipande kinachogeuza gurudumu kina urefu wa sentimita 12, gurudumu litageuka kwa nyuzi 2.6 bila dereva kugusa usukani. Gari litakwepa kila tuta kwa hiari yake.

Kwa maoni yangu, Land Rover inayobeba mawe na mchanga polepole kwenye vijia vya Kibera inafaa ibaki na ekseli yake. Kuibadilisha bila kupoteza nguvu ya injini kwenye magurudumu ya mbele kunadai difu ifungwe kwenye chesi na shafti mbili zenye viungo vinavyokunjika, gharama ambayo mzigo huo hauidai. Pikapu isiyo na nguvu mbele, inayokimbia Barabara ya Ngong kila siku, ni habari nyingine.

Fundi akiwa ameshajenga, kipimo chake si kuendesha kwanza. Aondoe springi, usukani aufunge usicheze, kisha aweke jeki chini ya mkono na kulipandisha gurudumu sentimita 2 kila mara, kutoka chini kabisa hadi juu kabisa. Kila anaposimama, apime kutoka kwenye kamba iliyonyooshwa kando ya gari hadi ukingo wa mbele wa rimu, kisha hadi ukingo wa nyuma, na aandike tofauti ya namba hizo mbili. Tofauti ikibadilika kadiri gurudumu linavyopanda, asogeze ncha ya ndani ya tairodi, au abadilishe urefu wake, na aanze kupima upya kabla springi haijarudishwa.